Mafuta ya Boti Nayo ni Sadaka

Wapo wasomaji watakaoona kichwa hiki na kudhani insha imepotea njia. Kitabu ni cha imani, nasi tunakuja na habari za petroli. Tunawaomba wavumilie, maana hoja yetu ni ya imani tangu mwanzo. Tunasema kwamba Kanisa linalowaombea watu waliozingirwa na maji, kisha likakataa kununua mafuta ya boti ya kuwatoa, limesali nusu sala. Tunasema pia kwamba fedha hiyo ichangwe kabla maji hayajaja. Na kwa kuwa wako wenzetu katika mabaraza ya wazee, na hata katika utumishi, wanaolipinga jambo hili kwa nguvu, tutasema nao waziwazi kama ndugu wanavyosemezana nyumbani.

Tuanze na mahali penyewe. Mto Rufiji unabeba maji ya Ruaha Mkuu, ya Kilombero na ya Luwegu. Bonde lake lote ni kama kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara. Mvua ikinyesha Mbeya, Iringa, Njombe, au upande wa Ruvuma, haiishii huko. Inateremka, inapita katika bwawa la Julius Nyerere, inapita Utete na chini ya daraja la Mkapa, kisha inaingia kwetu katika delta, ambako mto unagawanyika mikono mingi kati ya mikoko mpaka Bahari ya Hindi. Msharika wa Njombe anayemshukuru Mungu kwa mvua iliyostawisha chai na viazi vyake, ajue kwamba maji yaleyale yatafika huku chini kwa mtu asiyemfahamu. Hatumlaumu. Tunamwambia tu kwamba yeye na mtu wa Muhoro wanaishi kwenye mto mmoja.

Wenyeji wa huku hawauchukii mto, na wanaowashauri "wahame tu" hawajui wanachosema. Mafuriko ya kiasi ndiyo yaliyowalisha Warufiji na Wandengereko vizazi kwa vizazi. Maji yakipungua, hubaki udongo mweusi wenye unyevu, na hapo watu hupanda kilimo cha mlau bila kusubiri mvua nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya juu, na bado wengi waliendelea kushuka mashambani na kulala kwenye madungu msimu mzima, kwa sababu chakula kiko chini. Mtu hawezi kulikimbia shamba lake. Kwa hiyo mto ukizidi kiasi, utawakuta watu bondeni, kama ulivyowakuta siku zote.

Mwaka 2024 ulizidi. Wala haukuja kama mwizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza El Niño tangu Agosti 2023. Vuli ikapita kiasi, masika ikaja juu yake, na Aprili mto ukafurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Nyumba zikaingiwa maji, mpunga na mahindi vikafunikwa, familia zikahamishiwa kambini. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini kote na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Mwanzoni mwa Mei, kabla watu hawajapumua, kimbunga Hidaya kikaipiga Mafia na pwani yetu. Juu ya bwawa na milango yake yalisemwa mengi, na mengine yalisemwa kwa hasira. Ugomvi huo tunawaachia wahandisi na wakubwa. Mwenye watoto juu ya dungu hana nafasi ya kuuliza maji yamefunguliwa na nani.

Anauliza boti iko wapi. Na hapa ndipo tunapotaka kukaa.

Vikosi vya serikali vilikuja, na Chama cha Msalaba Mwekundu kikaja na watu wake wa kujitolea. Tunawashukuru bila unafiki. Lakini mwulize mtu wa bondeni ni nani aliyefika saa ya kwanza, kabla gari halijatoka wilayani. Atakutajia jirani: mvuvi mwenye mtumbwi, mwendesha boti ya abiria, kijana aliyezoea kukata kuni za mikoko. Hawana sare wala orodha ya majina, na hakuna anayewapigia saluti. Wanajua mkono upi wa mto una mkondo mkali, wapi kiboko hushinda, wapi kisiki kimelala chini ya maji kinasubiri kuvunja pangaboi. Ujuzi huo haununuliwi Dar es Salaam.

Nchi nzima iliona jambo hili Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja wa ndege. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa na 24 waliokolewa. Pale palikuwa mjini, kwenye uwanja wa ndege, na bado wavuvi ndio waliotangulia. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi, alifika na mtumbwi na kasia. Baadaye alipewa shilingi milioni moja, na kwa agizo la Rais akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulifurahi pamoja na Watanzania wote. Ila tunauliza swali ambalo siku zile lilimezwa na shangwe. Milioni ilikuja baada ya picha. Je, kabla ya ile Jumapili, ni nani katika mji mzima, makanisa yakiwamo, aliyewahi kuwanunulia wavuvi wa ufukwe ule hata kamba?

Turudi Kibiti tuhesabu, maana wanaopinga husema tunaongea kwa hisia. Injini ya boti ya farasi 15 ikienda kwa nguvu hunywa lita tano hadi saba kwa saa. Mwaka 2024 lita moja ya petroli ilizidi shilingi 3,000, na kila aliyewahi kununua kwa dumu huko visiwani anajua kwamba bei ya kituoni ni ndoto. Tuseme lita sita: saa moja ya kutafuta watu ni shilingi 18,000. Siku ya saa nane inakaribia laki moja na nusu, hujanunua oili ya kuchanganya, plagi, wala pangaboi lililovunjwa na mizizi. Siku hiyo mwenye boti havui na hapakii abiria. Nyumbani kwake nako maji yameingia. Anachukua mafuta kwa mkopo, anakwenda, anarudi na watu. Wiki ya tatu maji yanapungua, wageni wanaondoka na kamera zao, na deni la mafuta linabaki dukani kwa jina lake.

Sasa tuliangalie Kanisa. Katika sharika zetu za mjini, jogoo wa mnada anaweza kununuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, kwaya ikiimba na mnadi akitania, mpaka afikishe shilingi laki moja. (Mnada tunaupenda, tusifichane, ni shule ya furaha katika kutoa.) Jogoo huyo mmoja ni zaidi ya saa tano za boti ndani ya delta. Na hatuzungumzii jogoo tu. Tuna harambee ya vigae, harambee ya geti, harambee ya vipaza sauti vipya wakati vya zamani vinasikika mpaka mtaa wa pili. Hatusemi kanisa livuje. Nyumba ya Mungu ni ya kutunzwa, na mzee anayesimamia ujenzi kwa uaminifu anastahili heshima. Tunasema kwamba watu walewale wanaotwambia "washarika wamechoka kutoa" hawajawahi kuuona uchovu huo linapokuja suala la vigae.

Zaidi ya hayo kuna mgeni rasmi. Ikitajwa michango ya maafa, wazo la kwanza katika kikao huwa ni kumwalika mheshimiwa fulani aongoze harambee. Anakuja, anakaa kiti cha mbele, anaahidi kiasi kinachopigiwa makofi, na ahadi nyingine za namna hiyo hubaki kuwa ahadi mpaka uchaguzi mwingine. Wakati huohuo mama muuza vitumbua aliyeweka elfu mbili kwenye bahasha hakutajwa. Mfuko wa kuokoa maisha ukijengwa juu ya mgeni rasmi, utakauka siku mgeni anapokosa sababu ya kuja. Tunautaka ujengwe juu ya yule mama.

Hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba tulikwisha kutoa. Ni kweli, mchele ulipelekwa, na nguo, na sabuni, na vilipokewa kwa shukrani. Lakini mchele ni wa mtu aliyekwisha kufika nchi kavu. Kabla ya mchele kuna saa ambayo mtu bado yuko majini, na saa hiyo haina bajeti popote katika makaratasi yetu. Mtume Paulo alipoandika kwa Wakorintho juu ya mchango wa Yerusalemu, katika sura ya 16 ya waraka wa kwanza, aliwaagiza kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya mafanikio yake, ili michango isianze siku atakapofika yeye. Wahubiri wengi hupita hapo haraka kana kwamba ni tangazo la kawaida la mwisho wa barua. Sisi tunaona hapo mtu anayejua jinsi wanadamu walivyo. Fedha ya dharura inayokusanywa wakati wa dharura huchelewa. Hukusanywa kwa machozi na hutumika kwa papara. Akiba ya kila juma haina machozi na wala haipigwi picha, na siku ikihitajika ipo.

Tena tumtazame Msamaria, ambaye tumemhubiri mpaka watoto wa Shule ya Jumapili wanamaliza hadithi kabla yetu. Aliwezaje kumsaidia yule mtu? Luka anasema alimtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Mafuta hayo alikuwa nayo safarini kabla ya kumwona majeruhi. Mnyama alikuwa naye. Dinari zilikuwa mfukoni. Kuhani na Mlawi tumewalaumu kwa kukosa huruma, na ni haki yao. Lakini mtu mwenye huruma asiye na mafuta, asiye na mnyama wala dinari, angeweza kufanya nini pale njiani zaidi ya kulia? Delta imejaa wenye huruma wa aina hiyo, na si kosa lao. Ni sisi tulio nchi kavu tunaopaswa kuwatilia mafuta chomboni mapema.

Wengine wanatujibu kwamba uokoaji ni kazi ya serikali. Naam, ni kazi ya serikali. Lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Tudai hayo yatende kazi, tena kwa sauti. Lakini tangu lini Kanisa la Kiinjili la Kilutheri likajifunza kusema kwamba jambo likiwa la serikali basi si letu? Matibabu ni ya serikali, nasi tuna Bumbuli, tuna Ilembula, tuna Haydom. Elimu ni ya serikali, nasi tuna shule na seminari. Hoja hii hukumbukwa tu pale ambapo mwenye kunufaika hatakuja kusali kwetu Jumapili inayofuata.

Na hapo ndipo penye kidonda chenyewe, tukiseme. Watu wa delta kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Wenye boti karibu wote ni Waislamu. Sisi Walutheri wa Kibiti na Ikwiriri ni wachache, wengi wetu tulikuja kwa kazi: walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, wafanyabiashara kando ya barabara ya Lindi. Kwa hiyo lipo neno linalosemwa chini chini, na mara nyingine hadharani: sadaka ya madhabahuni itawezaje kununua mafuta ya boti ya Sheikh fulani? Tumelisikia kutoka kwa watu tunaowaheshimu, na tunawajibu kwa Maandiko wanayoyaheshimu. Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Chombo kilivunjika kikiwa na watu 276, Mtume wetu akiwa mmoja wao, amelowa, mfungwa. Waliowapokea ufukweni walikuwa watu wa Melita, kisiwa tunachokiita leo Malta. Hawakuwa Wayahudi wala Wakristo. Nyoka alipomwuma Paulo walidhani ni mwuaji, alipopona wakadhani ni mungu. Ndivyo theolojia yao ilivyokuwa. Lakini waliwasha moto kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na kulikuwa na baridi, na walipoondoka wakawapakilia mahitaji ya safari. Hawakumwuliza hata mmoja dini yake kwanza. Kama Injili ilifika Rumi, ilifika ikiwa imeota moto wa wapagani. Mkristo anayesitasita kumnunulia Mwislamu lita tano za petroli akamtoe Mwislamu mwenzake majini amesahau deni hilo.

Tena mtu aliye kwenye boti, awe ni nani, akiona mkono juu ya maji haulizi mkono ni wa nani. Walimu wetu, wauguzi wetu, watoto wetu wanavuka mikono hiyohiyo ya mto kwenda Mbuchi na Salale. Siku boti yao ikipinduka, nani atawafuata? Baraza la wazee?

Wachache hutwambia kwamba anayemtegemea Mungu hahitaji jaketi okozi. Kwa hao tutakuwa wafupi. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther aliandika waraka juu ya kukimbia au kutokukimbia ugonjwa, na ndani yake aliwakemea wanaodharau dawa na tahadhari, akisema huko ni kumjaribu Mungu. Mlutheri atakayetaka kumshinda Luther kwa ulokole na ajaribu, lakini asimpande mtoto kwenye mtumbwi wake.

Hoja moja tunaipa uzito, kwa sababu imetoka kwa watu waliowahi kuumizwa: fedha italiwa. Ndugu zetu hawa wamechangia mifuko iliyopotea, wameona risiti za kubuni, wameona magodoro ya msaada yakiuzwa sokoni. Hatutawaambia "muwe na imani tu". Imani tunamwekea Mungu. Fedha tunaiwekea kufuli. Na katika hili wazee wetu wa Matengenezo walitutangulia. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig huko Saksonia uliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini na mahitaji ya usharika, na Luther akaandika dibaji ya utaratibu wake. Walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa wakuu, wawili kutoka baraza la mji, watatu wenyeji wa mjini na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake, hata hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Mkulima alishika ufunguo sawa na mkuu! Tulipokuwa chuoni tuliusoma utaratibu huo kama historia, tukajibu mtihani, tukaendelea. Leo tunauona kama kazi ya nyumbani ambayo haijafanywa.

Basi tufanye hivi Kibiti. Mfuko uwe na funguo nne. Mmoja ashike mwinjilisti au mzee wa kanisa. Mmoja ashike mtu atakayechaguliwa na msikiti. Mmoja kamati ya maafa ya kijiji. Wa nne, na huu tunausisitiza, washike akina mama wanaokaanga na kuuza samaki, kwa sababu hao wanazijua boti zote, wanajua nani alitoka na nani alilala, na hakuna mwanamume wa pwani anayeweza kuwadanganya bei ya mafuta. Siku hizi ufunguo si lazima uwe chuma. Akaunti inayotaka idhini za watu wanne inatosha. Kila lita iandikwe kwenye daftari: tarehe, boti, imekwenda wapi, imerudi na nani. Daftari likae mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulisoma, liwe la kuguswa mpaka lichafuke.

Jina la Kanisa lisipakwe kwenye boti. Tunajua hili litawaudhi baadhi ya viongozi wetu, ambao wangependa nembo upande wa kulia na mwaka wa uzinduzi upande wa kushoto. Bwana wetu aliyazungumza mambo ya kupiga tarumbeta wakati wa sadaka, katika Mathayo sura ya sita, na rangi ya mafuta ubavuni mwa boti ni tarumbeta. Isitoshe, nembo itamfanya mwenye boti aonekane kijijini kwake kama mtu aliyenunuliwa, na akionekana hivyo hatakwenda tena.

Sasa tunawageukia ninyi msioishi kwenye maji: Iringa, Njombe, na hata Tukuyu, Arusha na Moshi ambako mvua yenu haifiki kwetu. Mnaweza kusema delta iko mbali. Uingereza wana chama cha boti za kuokoa watu baharini kilichoanzishwa mwaka 1824, na waokoaji wake wengi ni watu wa kujitolea, kama walivyo wale wanaookoa watu milimani katika nchi hiyo. Desemba 1886 boti zao zilitoka usiku wa dhoruba kuifuata meli iitwayo Mexico, na waokoaji 27 wakafa. Wajane na yatima walikuwa ufukweni, lakini fedha ilikuwa mijini. Basi mwaka 1891 watu wa Manchester, mji wa viwanda vya pamba usio na ufukwe, walizikokota boti za uokoaji barabarani katikati ya umati, wakachangisha zaidi ya pauni 5,000. Wafanyakazi wa viwandani ambao pengine hawakuwahi kuiona dhoruba ya bahari walitumbukiza senti zao. Ujerumani nako, nchi iliyotuletea Ulutheri, chama chao cha uokoaji wa baharini kilianza mwaka 1865, na tangu 1875 kinaweka juu ya meza za maduka na migahawa visanduku vidogo vyenye umbo la boti kwa ajili ya sarafu. Mpaka leo kinaendeshwa kwa michango ya hiari, bila fedha ya kodi.

Kisanduku cha umbo la boti hakihitaji mfadhili wa kigeni. Fundi seremala wa Ikwiriri anaweza kuchonga kumi kwa wiki. Kimoja kikae mlangoni pa kanisa la Njombe, kimoja duka la dawa Iringa, kimoja stendi ya Mbagala ambako mabasi ya kusini hupita. Na Jumapili moja katika Februari, kabla ya masika, jogoo wote wa mnada katika kila usharika utakaokubali wawe jogoo wa boti. Jumapili moja tu. Vigae vitasubiri mpaka Machi.

Vya kununuliwa kwanza ni vitu vidogo. Jaketi okozi, na ziwepo za watoto, maana za watu wazima huwachomoka. Kamba ndefu. Tochi za kichwani, kwa sababu maji hupenda kupanda usiku. Filimbi. Kisha akiba ya mafuta kwenye madumu yanayofungwa vizuri, mahali pakavu, chini ya funguo nne. Baada ya hapo bima kwa wale watakaotoka, hata iwe ndogo, ili mke wa mwokoaji asije akawa ndiye wa kuchangiwa. Tunaona haya kutaja boti mpya. Boti zipo, na wenye nazo wapo. Wanachokosa ni cha kutia ndani.

Mzee mmoja mwenye busara alituuliza: na mwaka ambao mto haukufurika, hayo mafuta yatafanya nini? Tulimwambia aende Nyamisati akakae gatini siku mbili. Ndani ya delta uchungu wa uzazi hausubiri masika. Mama huanza kuumwa usiku kwenye kisiwa, maji yamekupwa, mume anazunguka nyumba kwa nyumba kukopa lita kumi ili mkewe afike barabarani na kutoka hapo hospitali ya Kibiti. Lita kumi ni kama shilingi 30,000. Yule mzee aliuliza jogoo wake wa Jumapili iliyopita aliuzwa shilingi ngapi. Tulimwambia arobaini na tano.